Sebule ya Mchicha

Kwanza nilifuata nguo.
Kamba yetu ina hatua kumi na moja
toka mlango wa jiko hadi kwenye mparachichi,
na suruali za shule za Baluku hukauka mapema
pale katikati tu; huku mwisho, chini ya majani,
hata leso hulala mbichi mpaka jioni.
Nikajua jua letu lina kiti chake,
halikai popote.

Kasese si mji wa kubahatisha jua.
Asubuhi linakuja wazi kutoka upande wa ziwa,
mchana linachoma mpaka mbuzi wananung'unika,
lakini ikigonga saa kumi na moja
mlima unavuta kivuli kama mtu anayevuta shuka,
na mlima ule haurudishi ulichofunika.

Kisha nikafuata maji.
Mvua ya Machi iliponyesha usiku kucha
niliamka, nikavaa ndara,
nikasimama uani na tochi ya simu
kama mwizi aliyeingia kwake mwenyewe.
Nyuma ya choo maji yalituama mpaka Jumatano,
vyura wakafanya harusi.
Kando ya barabara yalipita mbio
yakibeba udongo wa juu wote
na kandambili moja ya mtoto wa jirani.

Mama alikuwa anachambua maharage.
"Lima mbele," akasema, "wapitao waone."
Nikamwambia mbuzi wa Nziabake nao hupita,
nao wana macho.
Alicheka mpaka ungo ukamponyoka.

Pakabaki pale.
Sote tulipajua, hakuna aliyepataja:
msingi wa nyumba ya Mbusa,
mawe ya mto Nyamwamba safu tatu, saruji iliyopauka,
vyumba vitano alivyovichora kwenye daftari
kabla hajapanda ndege kwenda Doha
kulinda geti la watu.
Miaka minane.
Pesa zilikuja, zikaja nusu,
zikawa salamu.

Ndani ya msingi magugu yalikuwa manene, ya kijani kibichi,
na magugu hayajui kudanganya.
Nilichimba kwa mkono mpaka karibu na kiwiko:
udongo mweusi, nyungunyungu mmoja, wa pili,
majivu ya moto waliopikia mafundi.
Hatua tisa kutoka kwenye madumu ya maji.
Jua toka saa moja.

Sikulima siku hiyo, wala iliyofuata.
Kulima sebule ya mtu aliye hai,
kitendo hicho kina jina, nami silijui.

Mama ndiye aliyeingia kwanza.
Msingi unamfika magotini tu, angeweza kuuvuka;
alizunguka mpaka kwenye pengo la mlango,
akasema hodi,
akangoja kidogo,
akaingia na jembe.

Sasa sebuleni kuna mchicha.
Chumba cha wageni kina nyanya chungu na biringanya.
Jikoni, pale atakapoweka sinki,
vitunguu vimesimama mistari miwili na nusu
(mbegu ziliisha).
Chumba chake mwenyewe hatukukigusa.
Kina nyasi. Tunazikata kila Jumamosi.

Jana alipiga simu, kelele za magari nyuma yake.
"Nyumba imefika wapi?"
Mama alinitazama.
Mimi nikatazama mchicha, jinsi ulivyokaa,
kama watu walioitwa kikao wakaja wote.
"Inaota, Mbusa," nikamwambia.
Akanyamaza.
Halafu akauliza, polepole: inaota nini?
Jibu nilikuwa nalo mdomoni,
nikasingizia mtandao.